Mama mjamzito asijinyime maji

MAMA mmoja mwenye mimba ya miezi saba alikuja kwangu akilalamika kuhusu kizunguzungu na kufunga choo. Nilipomuuliza hunywa maji kiasi gani kwa siku, alijibu kuwa ni glasi mbili tu, pamoja na chai ya asubuhi.

Alikuwa na sababu mbili. Yeye huuza nguo sokoni, na choo kilicho karibu ni cha kulipia. Tena miguu yake ilikuwa imefura, na jirani alikuwa amemwambia kwamba maji ndiyo yaliyoifurisha.

Wanawake wengi hujinyima maji kwa sababu kama hizi bila kujua madhara yake.

Wakati wa mimba, majimaji yaliyo katika damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu. Damu hiyo ndiyo hupeleka chakula na hewa hadi kwenye kondo la nyuma ili mtoto akue. Mtoto naye huelea ndani ya maji ambayo, kufikia wiki ya 34, huwa karibu mililita 800. Maji hayo humkinga asigongwe na humpa nafasi ya kujinyoosha. Mama akikaukiwa mwilini, maji hayo pia yanaweza kupungua.

Je, kunywa maji mengi humfanya mtoto azaliwe akiwa mkubwa? La. Mtoto huhesabiwa kuwa na uzani mdogo akizaliwa na chini ya kilo 2.5. Mara nyingi hali hiyo husababishwa na malaria, upungufu wa damu, shinikizo la damu, lishe duni, uvutaji sigara au kuzaliwa kabla ya wakati. Maji hayatibu hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana ni lazima mama ahudhurie kliniki, apimwe damu na mkojo, na ale vizuri. Hata hivyo, mwili uliokauka hauwezi kumlisha mtoto sawasawa.

Glasi 8 hadi 10 za vinywaji kwa siku huwatosha wengi, na zaidi kidogo kunapokuwa na joto kama la Mombasa. Uji, maziwa na supu pia huhesabiwa. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, ongeza maji. Anayetapika, anywe kidogo kidogo mara nyingi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate maagizo ya daktari wake.

Kuhusu miguu, kunywa maji hakuifurishi. Mimba hubana mishipa ya damu, hasa mama akisimama kutwa. Lakini uso na mikono ikifura, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo mtoto akipunguza kucheza au maji yakianza kuvuja.

Mama huyo nilimpima shinikizo la damu na mkojo, nikaona hana tatizo. Siku hizi yeye hubeba chupa ya maji sokoni, na mwenzake humlindia nguo anapokwenda chooni. Pesa za choo hutolewa na mumewe. Waume wengine nao wangefanya vyema kuiga mfano huo.