Vipete vya waya: namna ya kusuka mkufu, na karatasi ya kuutunza



Wengi wenu mmeuliza kuhusu zile bangili za pete ndogondogo zilizoshikana, ambazo ukizilaza kiganjani zinateleza kama maji. Mnauliza zinatengenezwa kwa mashine gani, na mashine hiyo ni bei gani. Hakuna mashine. Ni waya, koleo mbili, macho na subira. Nitaeleza kazi yenyewe, kisha nitaeleza jambo la sheria ambalo, kwa sisi tunaoishi hapa kwa karatasi za ukimbizi, lina uzito kuliko ufundi wote.

Asili ya kazi hii ni vita. Kwa zaidi ya miaka 2,000 askari wa Ulaya na Asia walivaa deraya za pete za chuma ili upanga usipenye. Wasomaji wetu Waislamu watakumbuka kwamba Nabii Daudi anatajwa kuwa fundi wa deraya, tena fundi aliyeagizwa kupima pete zake vizuri. Kwetu Afrika Mashariki pete za chuma ziliingia zaidi katika mapambo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilibeba seng'enge kama bidhaa, na wahunzi wa Kichaga walitengeneza mikufu myembamba ya chuma iliyopendwa huko Kilimanjaro na kwa majirani zao Wamasai. Hata hapa Afrika Kusini waya ni jambo la zamani: huko Mapungubwe, katika makaburi yenye umri wa miaka 700 na zaidi, zilikutwa bangili za waya wa dhahabu uliozungushwa kama springi. Kuzungusha waya hivyo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi yetu.

Tafuta waya wenye unene wa milimita 1 na sindano ya kufumia sweta ya milimita 4. Sindano hizo ni nzuri kwa sababu kipimo chake kimeandikwa juu yake. Waya uzungushe kwenye sindano, mzunguko ukigusa mzunguko, bila nafasi, mpaka upate springi ndefu. Itoe, kisha ikate mzunguko mmoja mmoja kwa mstari ulionyooka. Kila mzunguko ni kipete kimoja.

Hapo kwenye kukata ndipo kazi ya mtu inapojulikana. Koleo la kawaida la kukatia hubana waya na kuacha ncha iliyochongoka kama paa la nyumba. Ncha mbili za namna hiyo zikikutana hubaki pengo linalokwaruza ngozi na kunasa nguo. Afadhali msumeno mwembamba wa sonara, maana huacha pande zote mbili bapa. Ukiwa na koleo la kukata bapa upande mmoja, kata, ligeuze, punguza ile ncha mbaya, ligeuze tena ndipo ukate kipete kinachofuata. Inachosha, lakini mnunuzi atagusa kabla ya kutazama. Vaa miwani unapokata, kwa sababu vipande vinaruka. Na wenye watoto watambaao, fanyieni kazi juu ya sinia lenye kingo, si kwenye mkeka.

Sasa kipimo. Chukua upana wa ndani wa kipete, ugawe kwa unene wa waya. Milimita 4 kwa 1 ni 4. Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Ikishuka chini ya 3, mifumo mingi haisukiki, kwani hakuna nafasi ya pete nyingine kupita. Ikipanda juu ya 5, mkufu unalegea kama kamba iliyochoka. Ndiyo maana mtu hununua vipete vizuri dukani, akafuata maelekezo yote, na bado kitu hakikai: alipima upana akasahau unene. Jua pia kwamba waya ukiuachia hufunguka kidogo, kwa hiyo kipete hutoka kikubwa kuliko sindano kwa unywele mmoja au miwili.

Kufungua na kufunga kipete kuna njia moja tu sahihi. Kishike kwa koleo mbili zisizo na meno (zenye meno zifunge plasta), mwanya ukiwa juu katikati. Usivute kushoto na kulia, kwa maana umbo la duara litaharibika na halirudi. Sukuma mkono mmoja mbele na mwingine uulete kwako, kama unafungua mlango. Wakati wa kufunga, rudisha hivyo hivyo, ukipitisha kidogo zaidi ya mahali pa kukutana huku ukikandamiza kwa ndani, kisha rudisha. Ncha zikikutana utasikia mkwaruzo mdogo vidoleni. Pitisha uzi wa pamba juu ya kiungo: ukinasa, rudia. Mkufu wa vipete mia moja una viungo mia moja, na mmoja ulio wazi unatosha kumpotezea mteja bangili yake kwenye teksi.

Mfumo wa kuanzia ni mbili kwa mbili: vipete viwili vimepita ndani ya viwili, navyo ndani ya viwili, mpaka mwisho. Kwa kila jozi mkufu huongezeka karibu na upana wa ndani wa kipete, kwa hiyo bangili ya sentimita 18 kwa vipete vya milimita 4 huhitaji jozi 45 hivi, yaani vipete 90. Kipete kimoja hula milimita 16 za waya, kwa hiyo mita mbili zinatosha na masalio.

Ukishauzoea, jaribu mfumo wa Kibizanti, ambao watu huutazama wasione mwanzo wala mwisho. Kwa huo tumia sindano ya milimita 3.5. Unganisha jozi tatu. Ile jozi ya tatu ikunje irudi nyuma, kipete kimoja kila upande, ilale ubavuni mwa jozi ya kwanza. Jozi ya pili sasa iko juu. Itenganishe kwa ncha ya msumari, na katikati yake utaziona pete ulizozikunja. Pitisha jozi mpya humo ndani ya hizo zilizokunjwa, ufunge. Ongeza jozi mbili nyingine, kunja tena, tenganisha tena. Mama aliyewahi kusuka ukili ataelewa kwa mikono kabla ya kuelewa maelezo yangu.

Kwa mazoezi tumia waya laini wa kufungia nondo. Kwa kuuza, alumini ni nyepesi na rahisi. Shaba nyekundu, ile ambayo wenzetu wa Katanga huiita mukuba, ni nzuri sana ila hufifia, na huweza kuacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Si ugonjwa, limau na chumvi huirudishia mng'ao. Epuka waya usiojua umechanganywa na nini, kwani nikeli huwawasha watu wengi. Sindano mnaweza kuzitafuta Oriental Plaza kule Fordsburg, mwendo wa miguu kutoka hapa Newtown, kwenye maduka ya vifaa vya kushonea. Waya uko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Nunua waya dukani na utunze risiti. Mtaani utaletewa shaba iliyochunwa kutoka kwenye nyaya za umeme, kwa bei ya kutupa. Usiiguse. Wizi wa nyaya unaiacha mitaa ya Johannesburg gizani, na polisi wanautazama kwa jicho kali. Iko sheria ya mwaka 1955 inayomtia hatiani mtu aliyekutwa na mali inayoshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ya wizi, akashindwa kueleza vya kuridhisha ameipataje. Si lazima uwe umeiba wewe. Risiti ya duka ndiyo maelezo yako, na kwa mtu ambaye Kiingereza chake bado kinakwama mbele ya askari, karatasi huongea vizuri zaidi.

Dhahabu ni kali zaidi. Wengine tumetoka Ituri na Kivu, ambako mtu kushika gramu chache kwenye karatasi si ajabu. Hapa Sheria ya Madini ya Thamani, namba 37 ya mwaka 2005, inakataza kumiliki, kununua au kuuza dhahabu na platinamu ambayo haijawa kito kamili bila leseni au kibali. Akija mtu na kipande akitaka umtengenezee mkufu, mwambie hapana. Fedha haimo katika sheria hiyo.

Kuuza kunaruhusiwa kwetu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua, katika kesi ya Wasomali wa Limpopo, kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wana haki ya kuomba leseni za biashara. Lakini haki ya kuomba si ruhusa ya kutandika popote. Oktoba 2013 jiji liliwaondoa wachuuzi kwa maelfu katikati ya mji, hata wenye vibali, na Mahakama ya Katiba ndiyo iliyoamuru mwezi Desemba waruhusiwe kurudi kwa muda. Waliokuwa na nyaraka mkononi walikuwa na cha kuonyesha. Kwa hiyo kabla ya kuweka meza karibu na Mary Fitzgerald Square au kwingine, kibali cha jiji kwanza. Wenye hati ya Kifungu cha 22, someni masharti yaliyoandikwa juu yake.

Bei mimi huihesabu hivi: gharama ya waya, mara mbili, halafu saa zako. Watu husahau saa. Bangili ya kwanza inaweza kukumaliza siku nzima, na hiyo usiiuze, ivae wewe.

Ofisini tuna koleo za kuazima, jozi nne. Njoo na hati yako ya ukimbizi tuandike jina, na kama umeshanunua waya, njoo na risiti tukutolee nakala.