Kamera ndogo kwa picha za Pito: uchaguzi uanzie kwenye karatasi

Mama wa hapa Pito, Sumbawanga, aliyepigwa picha siku ya kipaimara cha mwanawe anataka picha ya kushika mkononi. Ataiweka kwenye albamu, au ataitia fremu na kuitundika sebuleni, na nakala moja ataituma kwa bibi mzaa baba huko Laela au Namanyere. Ile iliyobaki kwenye simu ya kijana aliyempiga, kwake bado haijawa picha. Nikiulizwa na vijana wa Sumbawanga wanunue kamera ipi ndogo, ya kutia mfukoni, ili waanze kazi ya kupiga picha za sherehe, swali langu la kwanza huwa hilo: picha zako zitaishia wapi? Anayepiga kwa ajili ya kurusha mtandaoni abaki na simu yake. Anayepiga ili asafishe na kuuza picha za karatasi ana sababu nzuri ya kutafuta kamera, na ndiye ninayemwandikia leo.

Tuanze na hesabu ya karatasi, kwa sababu hapo ndipo wauzaji wanapowapoteza wanunuzi wengi. Studio hupenda kusafisha picha kwa nukta 300 katika kila inchi. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani zaidi kidogo ya milioni 2. Karatasi ya A4, ambayo tayari ni picha ya kutundika ukutani, inahitaji kama milioni 8.7. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 10 au 12, hata ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, inatosha kwa karibu kila kazi itakayoagizwa Pito. Ukiona kamera isiyo na jina, ya bei ya chini kabisa, imeandikwa megapikseli 48 au 64 kwa herufi kubwa kwenye boksi, pita. Nyingi za namna hiyo zina kihisi kidogo cha kiwango cha simu ya bei rahisi, na programu ya ndani ndiyo inayotanua picha hadi kufikia namba ya kwenye boksi. Ukisafisha unaona nyuso laini kama zimepakwa nta, bila kope wala nyuzi za kitambaa.

Namba yenye maana kuliko megapikseli ni ukubwa wa kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu hutumia kihisi chenye upana wa kama milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6. Sony RX100 iliyotoka mwaka 2012 ilitia mfukoni kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, chenye eneo la karibu mara nne ya hicho, pamoja na lenzi inayofunguka hadi f/1.8. Mwangani, kwenye karatasi ndogo, huenda usione tofauti kubwa. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja, au kanisani saa moja asubuhi mwezi wa Juni wakati ukungu bado umefunika nje, tofauti inaonekana wazi: kamera ya kihisi kidogo inaanza kutoa chengachenga kwenye vivuli, na ile nyingine bado inaonyesha sura ya mtu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu suala la sura za watu wetu halijadiliwi vya kutosha. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, na picha iliyokuwa juu ya kadi hizo ilikuwa ya mwanamke Mzungu. Filamu ilitengenezwa na kusafishwa kwa kufuata ngozi yake. Kamera za kidijitali hazitumii kadi hizo, lakini zina tabia yake: kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, ukikijumlisha, kina rangi ya kijivu cha wastani. Bibi harusi akisimama na shela na gauni jeupe lililojaza picha, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wake mweusi unazama gizani. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akijaza picha, kamera inaongeza mwanga hadi shela ya mwenzake inapoteza mikunjo yake yote. Wateja wanalalamika kwamba wametoka weusi mno au wamefifia, na mpiga picha analaumu studio.

Dawa yake ipo kwenye kamera: kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, kinachomruhusu mpigaji kuongeza au kupunguza mwanga kabla ya kupiga. Kwa bibi harusi mwenye gauni jeupe, ongeza kidogo hadi uso usomeke, mara nyingi kati ya nusu na moja. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji akuonyeshe kitufe hicho. Kama kimefichwa ndani ya menyu, hatua nne kwenda chini, siku ya harusi hutakitumia, maana msafara hausimami kumngoja mtu anayetafuta menyu. Kamera inayokiweka chini ya kidole gumba ina thamani kuliko ile yenye mitindo thelathini ya rangi.

Jua letu nalo lina mambo yake. Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na hivyo katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Mtu aliyesimama uwanjani saa sita mchana macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso. Ukiweza, wahamishie kivulini, upande wa nyumba wenye baraza: “Shikamoo mama, naomba msogee huku kidogo.” Usipoweza, washa flashi hata kama ni mchana, ijaze vivuli vya machoni. Kwenye kazi hiyo kamera ndogo nyingi zinaishinda simu, kwa sababu flashi yake halisi hutoa mwako mkali wa nukta ya sekunde, ilhali taa ya simu ni kitochi tu. Lakini usiitegemee kanisani. Mwanga wa flashi hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Flashi ndogo inamwangazia mtu aliye mita tatu mbele yako na kuiacha kwaya nzima gizani. RX100 ina ziada moja ninayoipenda, kwamba flashi yake inayochomoza juu unaweza kuivuta nyuma kwa kidole ili mwanga upige dari na kushuka kwa ulaini. Hilo linahitaji dari nyeupe. Chini ya bati tupu halisaidii kitu.

Halafu kuna zumu. Zumu ya lenzi huleta mbali karibu kwa vioo vinavyosogea. Zumu ya kidijitali hukata katikati ya picha na kuitanua, jambo ambalo unaweza kulifanya baadaye kwenye kompyuta bila kulilipia. Angalia namba ya zumu ya lenzi, na ya kidijitali isahau. Canon IXUS 285 HS ya mwaka 2016, ambayo kampuni iliirudisha sokoni mwaka 2025 ikitumia memori kadi ndogo ya microSD, ina zumu ya lenzi mara 12. Canon SX740 HS ya mwaka 2018 ina mara 40. RX100 ya kwanza ina mara 3.6 tu. Kwa anayepanda msitu wa Mbizi kuwapiga mbega wekundu walio juu ya miti, au anayesimama ukingoni mwa maporomoko ya Kalambo yanayoanguka zaidi ya mita 200, SX740 ni chaguo la maana. Kwa sherehe, naona mara 3 hadi 5 inatosha, na ndefu kuliko hapo ina gharama yake: lenzi hizo, zikivutwa hadi mwisho, hufunguka kidogo tu, hadi f/6.9 au f/7, na ndani ya ukumbi zitakupa picha zilizotikisika. Zumu ya wastani ina faida nyingine ambayo simu nyingi hazinayo. Ukimpiga mtu kwa lenzi pana ukiwa karibu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi hatua mbili, vuta zumu kidogo, na uso unakaa kama anavyojijua mwenyewe kwenye kioo.

Umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitegemea laini inayotoka Zambia na jenereta za dizeli, na vijijini wengi wamejipatia sola. Kwa hiyo uliza kamera inachajiwaje kabla hujauliza rangi zake. Ile inayochajiwa kwa waya wa USB itakula kwenye paneli ndogo ya sola, kwenye pawa benki, hata kwenye pikipiki yenye sehemu ya kuchajia simu. RX100 inachajiwa hivyo, na betri yake ya NP-BX1 ndiyo iliyotumika katika matoleo yote ya RX100 yaliyofuata, kwa hiyo ya akiba si ngumu kuipata. IXUS inahitaji chaja yake ya ukutani. Ukipoteza chaja, umepoteza kamera hadi utakapoagiza nyingine. Kuna pia Kodak PIXPRO FZ45, ya megapikseli 16 na zumu mara 4, inayotumia betri mbili za AA, kama zile za saa ya ukutani. Kihisi chake ni kidogo na chengachenga zake huanza mapema, lakini kwa mtu anayefanya kazi mbali na umeme nampa heshima yake. Atumie betri za kuchaji za AA, maana zile za kutupa hazihimili mvuto wa flashi na huisha upesi, hasa kwenye baridi ya Julai.

Vumbi la kiangazi limeua kamera nyingi kuliko maji. Lenzi inayochomoza na kurudi ndani huvuta hewa kila inapotoka, na vumbi jekundu la barabara linaingia pamoja nayo, mpaka siku moja lenzi inakwama nusu na kamera inakataa kuwaka. Funika kamera kwa mfuko wa nailoni wenye zipu kila unapopanda bodaboda. Anayepiga picha mashambani au kando ya Ziwa Rukwa kila wiki afikirie Olympus TG-6 ya mwaka 2019 au TG-7 iliyoifuata mwaka 2023: zumu yake husogea ndani kwa ndani bila lenzi kuchomoza, vumbi haliingii, na inazama mita 15 ndani ya maji. Hata hiyo ina udhaifu wake hapa kwetu. Ukishuka kutoka kwenye baridi ya nyanda za juu hadi bondeni Muze au Mtowisa, kioo cha kamera yoyote iliyopoa kitafunikwa na ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la bondeni, ndipo uitoe.

Mitumba ndiyo njia ya wengi, na inahitaji macho zaidi sasa kuliko zamani. Mwaka 2010 dunia iliuziwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120, nyingi zikiwa hizi ndogo. Simu zikazila, na kufikia mwaka 2023 ndogo zilizotoka kwa kampuni za Japani hazikufika milioni 2. Kisha vijana wa Ulaya, Marekani na Asia wakazipenda upya kwa rangi zake za miaka ya 2000, na bei ya mitumba ikapanda hata kwa kamera dhaifu. Usilipe bei ya mtindo. Kamera za zamani sana zina mtego mwingine, wa memori kadi: zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hazisomi kadi ya SD inayozidi GB 2, na baadhi ya Olympus, Fujifilm na Sony za enzi hizo hutumia kadi za aina zao ambazo leo ni shida kuzipata. Nenda dukani na kadi yako mwenyewe. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa ukisikiliza kama inakwaruza. Piga ukuta mweupe, kuza picha kwenye kioo, utafute madoa. Zima flashi, piga uso wa muuzaji ndani ya duka, uone kama unauona.

Na picha ukishazipata, usizitume studio kwa WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp huzibana, na ile iliyotoka kwenye kamera ikiwa na nukta milioni 12 inaweza kufika ikiwa na milioni 1 au 2. Peleka kadi yenyewe, au itume kama faili.

Fedha ikinitosha kununua moja tu, kwa kazi ya sherehe za Pito ningetafuta RX100 ya kwanza au ya pili, ya mtumba, iliyotunzwa, na nisingeionea aibu kwa umri wake. Isipopatikana kwa bei ya haki, ningechukua IXUS na kuifahamu mipaka yake: nje, barazani, mchana. Mwenye simu nzuri ambaye bajeti yake inaishia kwenye zile kamera zisizo na jina asinunue kabisa. Bora aweke fedha hizo kwa kusafisha picha kumi za kwanza atakazopiga kwa simu yake, azipeleke kwa wenyewe, asikilize wanazipokeaje. Na atakayenunua asimalize fedha zote kwenye kamera. Abakize za betri ya pili na kadi ya pili, kwa sababu harusi inayoanza kanisani saa nne asubuhi na kuhamia ukumbini hadi usiku wa manane haiwezi kubebwa na betri moja.