Guta Linalia, Hakuna Anayelipwa Kusikiliza

Katika kata ya Unyambwa, pembezoni mwa Manispaa ya Singida, kazi ambayo wakulima wa Marekani na Australia huifanya kwa pikipiki nzito za magurudumu manne hufanywa na guta la injini, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Guta ndilo linalotoa magunia ya alizeti shambani, linalobeba mapipa ya maji kiangazi, na linalosomba mchanga na matofali mwaka mzima. Na guta hilo linakufa mapema. Mara nyingi linakufa kwa ugonjwa uliokuwa unapiga kelele wiki kadhaa kabla, kila mtu akiusikia na hakuna aliyeushughulikia.

Ni rahisi kusema kwamba vijana wa siku hizi hawajui ufundi, lakini si kweli. Kijana wa gereji ya chini ya mti anafungua giaboksi na kuifunga kwa kasi ambayo mafundi wa zamani wangeistaajabia. Kinachopotea ni kazi inayotangulia spana: kusikiliza, kujaribu, kuhoji, na kujua kinachogonga kabla ya kulegeza nati hata moja. Ufundi huo unafifia kwa sababu hakuna anayeulipia.

Injini zenyewe si tatizo kubwa. Nyingi zinazofungwa kwenye maguta ya Kichina zimetokana na usanifu wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo matunzo ya pikipiki yalikuwa haba. Valvu zake husukumwa na fito, hazitegemei cheni ya ndani, na injini huvumilia mengi. Mateso yapo nyuma ya injini. Nguvu hutoka kwenye klachi na giaboksi, ikapita kwenye cheni au propela, ikafika kwenye difu, ikagawanywa kwa ekseli mbili zinazoshikwa na beringi. Kila kiungo hapo kinabeba mzigo, na kila kimoja kiko karibu na ardhi.

Ardhi ya Singida haina huruma kwa vyuma. Ni mkoa wa upepo, kiasi kwamba kwa miaka mingi umekuwa ukitajwa katika mipango ya umeme wa upepo, na upepo huo hubeba mchanga. Mvua huja msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na ndipo guta huvuka makorongo yenye maji. Difu iliyopata moto ikizamishwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili iliyochoka. Oili inageuka rangi ya maziwa, na dereva hajui. Mavuno yanapofika, magunia yanapangwa juu ya difu ambayo tayari imeanza kuota kutu ndani.

Hapo sauti huanza, na fundi anayesikiliza vizuri ana mengi ya kuambiwa nayo. Swali la kwanza ni kama sauti inafuata injini au inafuata magurudumu. Guta likishika mwendo kwenye barabara tambarare, dereva aweke gia huru na kuliacha liserereke. Mvumo ukibaki na kupungua polepole pamoja na mwendo, chanzo kiko kwenye propela, difu, ekseli au beringi za magurudumu. Ukikatika papo hapo, turudi mbele kwenye giaboksi na klachi. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, na peke yake linaondoa nusu ya washukiwa.

Kisha mzigo. Difu inayovuma dereva akikaza moto, ikabadilisha sauti akiuachia, inazungumzia meno ya krauni na pinioni, kwa sababu meno hayo hubanwa upande mmoja guta linapovutwa na upande wa pili linapojizuia. Mlio unaozidi guta linapokata kona ya kushoto na kupungua likikata kulia unaelekeza kwenye beringi ya kulia, kwani uzito huhamia gurudumu la nje. Kishindo kimoja kizito wakati wa kuondoka, kisha kimya, mara nyingi ni krosi ya propela iliyolegea. Mlio mkavu wa kwikwi unaonyamaza baada ya kupaka oili ni cheni kavu tu, na hauhitaji fundi.

Sauti inayogonga kwa mpigo inaweza pia kuhesabiwa. Fundi huchora alama ya chaki kwenye gurudumu, huliinua kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Ikigonga mara moja kila mzunguko, kasoro iko kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu. Ikigonga mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja, anafikiria pinioni au propela, vinavyozunguka haraka zaidi. Chesi ya chuma hupotosha masikio: kinachosikika chini ya kiti cha dereva huenda kinatoka kwenye gurudumu la nyuma. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini kwenye mfupa wa karibu na sikio. Mwisho kabisa ni oili: inamwagwa kwenye chombo safi na kupitishwa sumaku. Ujiuji wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyembamba vinavyong'aa ni beringi inayobanduka. Chenga zenye kona ni jino.

Ujuzi huu ulijengwa, kwa sehemu kubwa, na uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania haikuwa na fedha za kigeni za kutosha, spea zilikuwa adimu, na fundi aliyefungua kitu kisichohusika angeweza kuliacha lori juu ya mawe kwa miezi. Alilazimika kuwa na uhakika kabla ya kufungua. Biashara ilifunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na baadaye spea za China na India zikajaa madukani. Ni neema, na sitamani ile dhiki irudi. Lakini neema hiyo iliondoa sababu ya kufikiri: beringi ikiwa rahisi kuliko saa moja ya fundi, fundi hubadilisha beringi kwanza na kuuliza baadaye.

Kilichomaliza kazi ni mkataba. Mwenye guta mara nyingi si dereva. Dereva analeta hesabu ya kila siku na kutumaini chombo kitakuwa chake muda wa mkataba ukiisha, au ni deiwaka aliyekabidhiwa guta kwa siku hiyo tu. Siku ya kupeleka gereji ni siku isiyo na hesabu. Deiwaka hana faida yoyote ya kutaja mlio ambao utamwangukia dereva mwingine kesho, na mwenye guta halipandi, kwa hiyo mlio huo hausikii. Sauti inapita katikati ya watu watatu bila kuwa ya mmoja wao. Inapofika kwa fundi imeshakuwa chuma kilichovunjika, na fundi mwenyewe analipwa kwa kufunga spea. Akitumia asubuhi nzima kusikiliza na kugundua kwamba tatizo ni oili ya difu iliyoingia maji, ataambiwa hakufanya kitu.

Matokeo yake ni matengenezo yanayozaa matengenezo. Cheni mpya inafungwa kwenye spoketi ambazo meno yake yameshainama kama kulabu, nayo inaliwa haraka. Kipimo kipo: kwenye cheni ya namba 428, pingili 20 mpya zina urefu wa milimita 254. Zikivutwa hadi kupita 259, cheni na spoketi zake zote zimekwisha pamoja. Pinioni inabadilishwa peke yake na kusagana na krauni ya zamani. Beringi mpya inaingizwa kwenye nyumba isiyosafishwa, pamoja na chenga za ile iliyokufa. Kila mara mlio hupungua kwa siku chache, na hizo siku chache ndizo zinazomfanya mwenye guta aamini kwamba amelipia dawa.

Mafunzo yanaweza kusaidia kidogo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Singida, na ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Mtihani wa fundi wa namna hiyo ungeweza kuanza na guta lenye kasoro iliyofichwa, mikono ikiwa mfukoni, na mtahiniwa ataje kiungo kibovu kabla ya kukabidhiwa spana. Lakini aliyefaulu bado atarudi kwenye gereji ambako sikio halina bei. Panapoweza kubadilika ni kwenye mkataba: mwenye guta aandike kwamba nusu siku moja ya kila mwezi haina hesabu, ni ya kuinua magurudumu, kumwaga oili ya difu na kusikiliza, na kwamba fundi atalipwa kwa kutaja kasoro hata asipouza spea. Nusu siku ya hesabu ni fedha ndogo ukilinganisha na difu nzima inayonunuliwa katikati ya mavuno, alizeti ikiwa bado shambani.