Jumuiya Isiyo na Mkuu: Juu ya Kuchagua Jukwaa na Maneno Yake

Jumuiya isiyo na mkuu, kwa maana inayokusudiwa katika makala haya, ni umoja wa watu ambao kanuni zao za kuchanga, kupiga kura na kutoa fedha zimeandikwa katika programu badala ya katiba ya karatasi. Programu hiyo huendeshwa na kompyuta nyingi zenye nakala za daftari moja, hata hapana mtu mmoja awezaye kulibadili kwa siri. Anayetaka kuunda jumuiya kama hiyo kwa kawaida huchagua jukwaa, yaani programu iliyokwisha tayarishwa na wengine, naye hujaza ndani yake kanuni zake. Uchaguzi huo hudhaniwa kuwa kazi ya wahandisi peke yao. Mimi naona kuwa watuhusu na sisi wa lugha, kwa kuwa kinachochaguliwa ni matini, na swali la kwanza la matini yoyote ni nani awezaye kuisoma.

Tuchukue kikundi cha kuweka na kukopa, cha namna ipatikanayo katika vijiji vingi vya Tanzania, na tukiweke Galula, katika Wilaya ya Songwe, upande wa bonde la Ziwa Rukwa. Wanachama wake na wawe 25, wakulima wa mpunga na ufuta, wengine wasemaji wa Kibungu au Kisukuma nyumbani, ila mkutanoni wote husema Kiswahili. Fedha zao hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Kila mwanachama ana kijitabu, na kila hisa anunuayo hupigwa muhuri humo mbele ya macho ya wote. Kabla ya kutawanyika, salio hutajwa kwa sauti, na wanachama huambiwa walishike moyoni. Mkutano ufuatao huanza kwa kuulizwa salio lile.

Msomaji ataona kwamba sanduku hili lina karibu kila jambo linalosifiwa katika daftari la kompyuta: nakala nyingi, mashahidi wengi, na hazina isiyofunguliwa na mkono mmoja. Tofauti yenyewe i mahali pengine. Pale Galula kanuni ikileta mashaka, watu huulizana walikusudia nini walipoitunga. Programu haiwezi kuulizwa.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 2016. Mwezi Aprili mwaka huo ilianzishwa juu ya mtandao wa Ethereum jumuiya iliyoitwa The DAO, nayo ilikusanya mali iliyokadiriwa kuwa dola milioni 150 hivi. Masharti yake yalisema kwamba maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya watu hayawezi kuongeza wala kubadili neno lililomo katika programu. Tarehe 17 Juni mtu asiyejulikana akatoa humo ether zipatazo milioni 3.6. Kosa lilikuwa dogo: programu ilitoa fedha kwanza, kisha ndipo ikapunguza salio, naye akaomba tena na tena kabla salio halijaandikwa. Ni kama mweka hazina anayekabidhi noti kabla ya kugusa kijitabu. Je, alivunja kanuni? Kwa herufi zake, hapana. Kwa nia ya watungaji, bila shaka ndiyo. Wengi walifuata nia, na tarehe 20 Julai daftari likarekebishwa ili mali irudi. Waliokataa wakaendelea na daftari la zamani, nalo ladumu hata leo kwa jina la Ethereum Classic. Wanafunzi wa fasiri hawatastaajabu kuona mgogoro wa matini na nia ukigawanya umma mzima.

Hapa yafaa nitue kidogo juu ya maneno. Programu za namna hii zimeanza kuitwa kwetu mikataba janja, kwa kufuata simu janja. Simu hainidhuru ikiitwa hivyo, lakini mkataba? Mzee wa Galula akiambiwa kwamba fedha zake zitawekwa chini ya mkataba janja, atakuwa na haki ya kuomba kijitabu chake na kwenda zake, maana mjanja kwa Kiswahili ni mwenye akili na pia ni mwenye kughilibu. Napendelea mkataba unaojitekeleza: ni refu, walakini husema kweli, na hutahadharisha kwamba hapana atakayeusimamisha. Mnyororo wa vitalu nao hunipa shida katika nchi ya mpunga, ambako kitalu ni cha miche. Daftari la pamoja latosha. Akidi tunayo tayari. Tokeni nayo imekwisha kuingia vijijini kwa njia ya umeme wa LUKU, ila huko ni namba inunuliwayo ikatumika ikaisha, na katika jumuiya hizi aghalabu ni haki ya kupiga kura. Asiyeeleza tofauti hiyo atasababisha watu wauze kura zao wakidhani wanauza salio.

Sasa majukwaa yenyewe. Aragon, iliyoanza katika miaka ya 2016 na 2017, huweka kura na hazina pamoja katika daftari, na kura ikipita fedha hutoka zenyewe. Watungaji wake walitambua upungufu nilioutaja, maana mwaka 2020 waliongeza mahakama yenye wazee wa baraza walio binadamu. Mwezi Novemba 2023 chama kilichoisimamia kilitangaza kujivunja. Programu zake zilibaki, ila hilo ni onyo kwa adhaniaye kuwa jukwaa halina mwenyewe. Snapshot hutenda kinyume: kura hutiwa saini kwa ufunguo wa siri na kuhesabiwa nje ya daftari, bila ada, na utekelezaji huachiwa watu. Safe haishughuliki na kura; hiyo ni hazina inayofunguka kwa saini za wengi, mathalani mbili kati ya tatu.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia. Bangla-Pesa, hati za kubadilishana bidhaa zilizoanzishwa Mombasa mwaka 2013 katika mtaa wa Bangladesh, zilizaa Sarafu, ambayo baadaye iliandikwa katika madaftari ya pamoja, na ilihamishwa zaidi ya mara moja, pamoja na xDai na kisha Celo. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 ilikuwa na watumiaji wapatao 40,000. Wengi walitumia simu za kawaida, kwa kubonyeza namba na kuchagua katika orodha. Hapo ndipo penye fundo: simu ya namna hiyo haiwezi kutunza ufunguo wa siri, basi ufunguo hutunzwa na mwenye mtambo. Mkuu aliyeondolewa mlangoni amerudi kwa dirisha.

Sheria nayo yahusika. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba fedha za namna hiyo si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamisho wa mali za kidijiti. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya lugha, Galula nisingeipa jukwaa linalotoa fedha lenyewe. Ningeacha shilingi sandukuni, na kura ziandikwe kwa namna ya Snapshot, swali na majibu yakiwa kwa Kiswahili kilichosomwa mbele ya mkutano.

Ikiwa siku moja hazina itahamia katika daftari, swali la kumwuliza muuza jukwaa ni hili: mshika ufunguo akifa, itakuwaje? Katika Safe, wawili waliosalia waweza kumweka mwingine mahali pake. Wakipoteza funguo wawili kati ya watatu, mali hubaki ikionekana na kila mtu, isiweze kuguswa na yeyote. Kufuli ya Galula, hali ikifika hapo, hukatwa kwa msumeno mbele ya mwenyekiti.