Mtaa Usio na Mfuko: Tassia na fedha za kufufua miji (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia mitaa mikongwe ya Eastlands, kina Kaloleni, Makongeni na Jericho. Mitaa hiyo ilijengwa kwa fedha za umma, na leo mjadala ni nani ataibomoa, nani ataijenga upya, na mpangaji wa miaka mingi atapewa nini. Leo tuvuke Barabara ya Outering tuingie Tassia, ambako mambo ni kinyume. Tassia haikujengwa na baraza la jiji wala na serikali kuu. Ghorofa zake zilisimamishwa na watu binafsi, kila mmoja kwa akiba yake au kwa mkopo wa chama, juu ya ardhi ambayo hati zake zilikuwa na jina la mwingine.

Mwingine huyo ni Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF. Hazina ilikuwa na ardhi kubwa Embakasi, iliyopatikana kwa akiba za wafanyakazi wa nchi hii. Sehemu moja ilijenga Nyayo Estate, mtaa wenye lango, ambapo barabara na mabomba yalipangwa kabla ya nyumba. Sehemu nyingine watu waliingia, wakagawana viwanja, wakaanza kujenga. Hazina ilipoona kuwaondoa haiwezekani, ikakubali kuwauzia viwanja walivyokalia. Kwa hiyo una mitaa miwili iliyotokana na ardhi ya mwenye mali mmoja, majirani wanaoonana kwa macho. Mmoja ulipata mtaro kwanza na nyumba baadaye. Mwingine ulipata nyumba kwanza, na mtaro unausubiri mpaka leo.

Anayetaka kuelewa maana ya kusubiri huko aangalie vizingiti vya maduka. Karibu kila ploti ya Tassia ina biashara chini na vyumba vya kupanga juu: bucha, kinyozi, duka la M-Pesa, hadwea, fundi wa nguo, mama wa chapati kwenye kona. Mvua ikinyesha, barabara hugeuka tope na maji ya mtaro huingia ndani. Mwenye duka hupanga mstari mmoja wa mawe mlangoni na kuupiga saruji. Wenye ploti huchangishana, huleta lori la maramu, na barabara hupanda. Msimu unaofuata duka liko chini ya barabara tena, na mstari wa pili wa mawe unaongezwa juu ya ule wa kwanza. Kuna milango ambayo sasa mteja huipanda kwa ngazi kisha hushuka tena ndani kana kwamba anaingia pango. Hivyo ndivyo kazi ya kufufua mtaa inavyofanywa pale ambapo serikali haifiki: kila mtu hujiinua yeye, na maji huhamia kwa jirani.

Wafanyabiashara hao si watu waliojificha kwenye vitabu vya kaunti. Hulipa leseni ya biashara kila mwaka, na anayechelewa hutembelewa na kanjo. Mfanyakazi anayelala ghorofa ya tano hukatwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara wake chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Anapopanda matatu, ndani ya nauli yake mna tozo ya matengenezo ya barabara inayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Fedha zinatoka Tassia kila siku. Swali la makala haya ni kwa nini haziioni njia ya kurudi.

Ziliwahi kukaribia kurudi, na kisa chenyewe kinafaa kukumbukwa. Mwaka 2013 NSSF ilitoa zabuni ya zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa kampuni ya Kichina ili iweke barabara, mabomba ya majitaka na huduma nyingine katika Tassia II. Mkazi wa kawaida alifurahi. Lakini Katibu Mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU, Francis Atwoli, na wawakilishi wa waajiri, ambao wote walikaa katika bodi ya hazina hiyo, walipinga jinsi zabuni ilivyopitishwa. Kufikia mwanzo wa 2014 suala lilikuwa mbele ya kamati ya Bunge na wachunguzi wa ufisadi, na mradi ukakwama.

Wengi hulikumbuka jambo hilo kama kashfa ya zabuni tu. Kwangu kosa lilianza kabla ya zabuni. Akiba ya uzeeni ya mfanyakazi wa majani chai kule Kericho au mhudumu wa hoteli Malindi haikuwekwa ili ichimbe mitaro Nairobi. Kazi hiyo ina wenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti barabara za mitaa, taa, mifereji ya maji ya mvua, maji safi na uondoaji wa majitaka. Hazina ya uzeeni ilijikuta inabeba mzigo wa jiji kwa kuwa jiji halikuwepo, na mfuko usio wa kazi hiyo ulipofunguliwa, kila mwenye haki ya kuuliza akauliza.

Basi mfuko wa kazi hiyo uko wapi? Tuipitie milango mmoja mmoja.

Mlango mkubwa wa kufufua miji Kenya katika miaka ya karibuni umekuwa Mpango wa Kusaidia Miji, KUSP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 300. Ndio uliotandaza lami na kabro, ukachimba mifereji na kujenga masoko katika miji ya mashinani. Ulihudumia kaunti 45 kati ya 47. Mbili zilizoachwa nje ni Nairobi na Mombasa, kwa kuwa zenyewe ni miji mitupu. Mkazi wa Tassia aliyekwenda kwao Krismasi akashangaa mji mdogo wa nyumbani una barabara nzuri kuliko mtaa anaolipia kodi, hakuota.

Mlango wa pili ni mpango wa kuboresha makazi duni, KISIP, ulioanza 2011. Huo ulifika Eastlands; Kayole Soweto ni miongoni mwa mitaa iliyonufaika. Tatizo ni kwamba mpango wa aina hiyo unatafuta kitongoji cha mabati. Tassia ina ghorofa, na kwenye picha iliyopigwa kutoka angani inaonekana mtaa wa wenye nacho. Ndani ya ghorofa hizo familia nzima hulala chumba kimoja, na maji hupandishwa kwa mitungi ya lita 20, lakini kigezo cha ufadhili hakipandi ngazi.

Mlango wa tatu ni huo ushuru wa nyumba. Sheria yake inaelekeza fedha kwenye nyumba mpya na miundombinu inayoambatana nazo. Matunda yake yanaonekana ng'ambo, Mukuru, ambako nyumba zaidi ya 13,000 zilipangwa na wakazi wa kwanza walikabidhiwa funguo mwaka 2025. Hakuna kifungu kinachomsaidia mtu ambaye nyumba anayo na anachokosa ni bomba la majitaka. Mfuko wa eneo bunge nao, NG-CDF, umefungwa kwenye kazi za serikali kuu, hasa shule na usalama.

Unabaki mfuko wa kaunti yenyewe, na hapo ndipo nasimama. Kwa karibu miaka 40 Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa thamani zilizokadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo sehemu kubwa ya Embakasi ilikuwa nyasi. Kiwanja ambacho hati yake haijamfikia aliyekijenga kinatozwa kwa shida, na kaunti isiyokitoza haioni sababu ya kukihudumia. Mwenye ploti naye huuliza atalipaje kodi kwa mtaa usio na mtaro. Pande mbili zinasubiriana, na anayeumia ni mpangaji.

Kuumia huko si maneno tu. Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la ghorofa sita liliporomoka Tassia na kuua watu wasiopungua 10. Mtaa ambao serikali haijauwekea ramani ni mtaa ambao mkaguzi wa majengo hafiki, au akifika huwa amechelewa.

Hali hii haikuzaliwa Nairobi. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake Tenement Cities cha mwaka 2011, aliilinganisha mitaa ya ghorofa ya Nairobi na Berlin ya karne ya 19. Berlin ilijaa majengo ya wapangaji yaliyobanana, yenye nyua za giza na vyoo vya pamoja. Mwaka 1862 ilipata ramani ya barabara iliyochorwa na mhandisi James Hobrecht, na kuanzia 1873 jiji likachimba mfumo wa majitaka chini ya mitaa iliyokwisha kujaa watu. Majengo hayakubomolewa ili mabomba yapite. Mengi yamesimama mpaka leo, na yanagombaniwa na wapangaji. Anayesema Tassia imekwisha kuharibika, dawa yake ni tingatinga, aisome Berlin kwanza.

Karibu zaidi, tuna Mukuru. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa. Muungano wa Wanavijiji na mashirika mengine walikaa na wakazi wakachora mpango wao. Shirika la huduma za jiji, NMS, lilipoundwa 2020 na kutafuta pa kutia lami, Mukuru ilikuwa na karatasi tayari, na barabara zikaja. Mpango haukuwakinga wote. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kupisha barabara, jambo lililokuwa aibu kubwa. Hata hivyo fedha zilifuata penye mpango, na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inaruhusu mtaa mwingine wowote kutangazwa vivyo hivyo. Sharti la mabati halimo.

Kuna hofu moja ya haki. Dandora ilianzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vyenye maji na majitaka, ili mnyonge ajijengee. Baada ya muda viwanja vingi vikawa ghorofa za kupangisha, na huduma zilizolipiwa na umma zikageuka kodi ya juu kwa mpangaji. Tassia wengi ni wapangaji. Mtaro ukichimbwa kesho bila masharti, kesho kutwa notisi ya kupandisha kodi itabandikwa mlangoni. Ndiyo maana naona mwenye ploti alipe sehemu ya gharama kupitia kodi ya ardhi akishapewa hati yake, na makubaliano ya kutopandisha kodi ya nyumba kwa miaka kadhaa yaandikwe kabla ya kijiko cha kwanza kugusa udongo. Mpangaji awemo kwenye kikao hicho kwa haki yake, asiwakilishwe na mwenye nyumba.

Sasa la kufanya. Sheria ya Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Wananchi wengi huamka Juni, bajeti inaposomwa, wakati mgao umekwisha kukatwa. Mradi usiokuwemo kwenye mpango wa Septemba hauna pa kuingilia baadaye. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi la maandishi, na kaunti haina ruhusa ya kulipuuza. Wenye ploti na wapangaji wa Tassia, andikeni ombi moja la kutangazwa eneo maalumu la kupangwa, litieni sahihi pamoja, na lifike City Hall kabla ya Agosti kwisha.