Saa ya Michezo kwa Watoto Wetu

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni nalikusanya watoto wa mtaa wetu katika uwanja wa kanisa, nipate kuwafundisha mazoezi ya viungo. Walikuja 24. Nami, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa shuleni, naliwapanga mistari, nikawashindanisha mbio, na kila aliyekuwa wa mwisho nikamwambia, “Toka, kaa pembeni.” Wa kwanza kutoka alikuwa msichana mdogo, umri wake miaka minane. Akaketi juu ya jiwe, akajifunika kanga kwa sababu ya baridi na ukungu, akatutazama hata mwisho. Mimi nalidhani kazi imekwenda vema.

Jumamosi ya pili hakuja. Jumapili pia hakuonekana darasani. Basi nalikwenda kwao, nikamkuta mama yake akimenya viazi, naye baada ya salamu akaniambia, “Mwalimu, mtoto asema yeye ni wa kutoka.”

Maneno hayo yalinichoma. Mtoto aliyehitaji kukimbia zaidi ndiye niliyemkalisha muda mrefu kuliko wote.

Mwezi wa Desemba 1891, mwaka uleule ambao wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo cha Mlalo, mwalimu James Naismith alikuwa na taabu kama hiyo katika shule ya Chama cha Vijana Wakristo huko Springfield, Marekani. Alipewa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya mistari, na baridi ya nje iliwafungia ndani. Hakuwakemea kwa uvivu. Alitundika vikapu viwili vya mapichi, tunda tulijualo sana sisi wa Lushoto, akawagawanya tisa kwa tisa, wakatupia mpira humo. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mpira wa kikapu. Alibadili somo, wala hakumfukuza mwanafunzi.

Wazazi wengine huniuliza, “Watoto wetu hupanda milima kwenda shule, huchota maji na kukata kuni, ya nini tena kurukaruka?” Swali hilo ni la haki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumie mwili wake kwa bidii wastani wa dakika 60 kila siku, na kutembea na kazi za nyumbani huhesabiwa. Kwa hiyo mtoto wa kijijini amekwisha kupata sehemu yake njiani, hali yule apelekwaye shule kwa pikipiki hajapata. Lakini ndoo ya kichwani haimfundishi mtoto kucheka na wenzake. Nabii Zekaria, alipousimulia Yerusalemu uliorudishwa, hakusahau kutaja watoto wakicheza njiani.

Sasa shauri langu ni hili. Kwanza nautembelea uwanja kabla ya watoto, nikiokota vigae na miiba, maana wengi huja miguu mitupu. Sehemu tambarare kwetu ni haba, nami siruhusu mbio za kuteremka. Twaanza saa tisa alasiri, dakika arobaini tu, ili wa mbali wafike kwao kungali mchana. Mwili hupashwa kwa kuruka kama chura na kusimama mguu mmoja kama korongo. Wadogo hupenda sana, na wakubwa hujifanya hawapendi. Kisha nawapanga wanne wanne, mkubwa pamoja na mdogo, wapokezane gunzi la hindi. Wengine hutembea, si kitu, mradi gunzi lifike.

Halafu rede. Mchezo huu wasichana wanaujua kuliko mimi: wawili hutupa mpira wa matambara, walio katikati hukwepa. Kwa desturi apigwaye hutoka. Sisi tumeigeuza sheria: apigwaye hushika nafasi ya aliyemtupia, na mtupaji huingia katikati. Hakuna akaaye juu ya jiwe. Wakati wa masika twasogeza mabenchi na kuchezea ndani, ingawa mzee wa kanisa hulalamika juu ya matope.

Yule msichana alirudi mwezi wa Agosti, baada ya mimi kumwomba radhi mbele ya mama yake. Mbio zake zingali za polepole. Lakini kutupa anajua: Jumamosi iliyopita alinipiga mgongoni mara mbili.