Kabla ya Bloku ya 150

Msimu wa kuvuna mpunga ukifika, gereji za pikipiki mjini Mpanda, mkoani Katavi, hujaa watu wenye ombi moja: "Fundi, niongezee nguvu." Huyu anatoka Majimoto na magunia mawili nyuma. Yule anabeba abiria na mzigo kupanda Mwese, na injini yake ya 125 inamfia mlimani akiwa gia ya pili. Mwingine anapeleka mafuta na vyakula kwenye machimbo ya Ibindi. Wengi wao wanaambiwa jambo lilelile, kwamba tiba ni kuweka bloku ya 150. Kwa sehemu kubwa ya waendeshaji hawa, ushauri huo unakuja mapema mno. Bloku inafaa, lakini iwekwe baada ya mambo mengine kufanyika, na ikiwekwa isiwekwe peke yake.

Tuanze na injini yenyewe. Pikipiki nyingi za Kichina za 125 zinazotembea Katavi zimejengwa kwa kufuata injini moja ya Kijapani, Honda CG125, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na kupelekwa gereji kwa nadra. Kiwanda chao cha Manaus, Brazil, kilianza kuiunda mwaka 1976. Valvu zake husukumwa na fimbo mbili zinazotoka kwenye kamshafti iliyo chini, karibu na krenki. Haina cheni ya taimingi ya kulegea wala kukatika. Bei ya uimara huo ni kwamba injini haipendi kuzungushwa kasi sana: ukiivuta resi hadi mwisho, vyuma vinavyosukuma valvu vinakuwa vizito kwa springi zake, valvu zinachelewa kufunga na nguvu inashuka. Boxer na TVS HLX zina kamshafti juu, kwenye hedi, kwa hiyo zinazunguka kwa wepesi zaidi, ila nazo zinadai cheni ya taimingi itazamwe.

Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 124. Bloku ya 150 huacha safari ya pistoni ilivyo, ikapanua tundu tu hadi milimita 62, na ujazo unafika 149. Hilo ni ongezeko la asilimia 20. Watu huchanganya jambo hili na kuchonga silinda iliyolika. Pistoni za ovasaizi huuzwa kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1. Hata ukienda hadi ovasaizi ya mwisho, ujazo unatoka 124 na kuishia 128 na ushee. Pikipiki iliyotoka kuchongwa huonekana ina nguvu mpya, lakini nguvu hiyo ilikuwa yake tangu zamani. Imerudishiwa tu.

Swali la kwanza basi ni hili: injini hii imepoteza kiasi gani cha nguvu iliyotoka nayo kiwandani?

Sehemu moja imechukuliwa na mahali penyewe. Mpanda iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa makadirio ya kawaida, injini inayovuta hewa yenyewe hupungukiwa asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Yaani sehemu moja ya kumi imeondoka kabla hujafunga mzigo, na ukielekea Mwese unapoteza zaidi. Hewa ikipungua huku kabureta ikiendelea kumwaga petroli ileile, mchanganyiko unakuwa mzito, moshi unatoka mweusi na pikipiki inakunywa mafuta bila kuvuta. Fungua plagi baada ya safari ndefu uitazame. Rangi ya kahawia iliyofifia ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa ni petroli haba, na hiyo ni hatari kwa pistoni. Kwa plagi nyeusi, kabureta za aina ya PZ zilizo kwenye pikipiki hizi zina sindano yenye mikato kichwani, na kijipini chake kikisogezwa juu mkato mmoja, sindano inashuka na petroli inapungua. Ni kazi ya muda mfupi, haidai kipuri, na sijui kwa nini mafundi wengi huiruka.

Sehemu kubwa zaidi inaliwa na vumbi, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo injini za Katavi zinapofia. Kuanzia Mei hadi Oktoba barabara za udongo za kwenda Karema, Mishamo au Inyonga ni unga mtupu. Vumbi lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe ikipenya hadi kwenye oili iliyopaka ukuta wa silinda, kila pistoni ikipanda na kushuka ringi zinasaga ukuta huo maelfu ya mara kwa dakika. Kinachozuia hilo ni ea klina peke yake. Lakini kuna mtindo ulioenea wa kuitoa, au kutoboa boksi lake, ili injini "ipumue". Mlio unabadilika, resi inapanda kwa wepesi, na mwenye pikipiki anaridhika. Kwa siku chache anachokipata kinaweza kuwa cha kweli, kwa kuwa hewa haina kizuizi. Kisha mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi, injini inachemka, vumbi linaingia moja kwa moja, na msimu wa kiangazi hauishi kabla moshi wa bluu haujaanza kutoka kwenye eksozi. Ea klina ya sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Kwenye njia za vumbi ifanyiwe hivyo kila wiki. Ya karatasi haioshwi. Inakung'utwa, na ikijaa inatupwa. Sponji isiyo na oili hupitisha vumbi laini kama chandarua kilichochanika kinavyopitisha mbu.

Baada ya hewa, valvu. Kati ya tapeti na valvu kunatakiwa nafasi ndogo mno, 0.08 ya milimita kwa injini nyingi za aina ya CG, ikipimwa kwa fila injini ikiwa baridi kabisa. Mafundi wengi hupima kwa sikio. Kelele ya tapeti humkera mteja, basi fundi anazikaza hadi zinyamaze, na mteja anaondoka amefurahi. Injini ikishapata moto vyuma vinatanuka, nafasi inaisha, valvu haikai tena vizuri kwenye kiti chake, mgandamizo unavuja, na valvu ya eksozi inaungua ukingoni. Tapeti inayosikika kidogo ni salama kuliko iliyo kimya.

Kama unashuku mgandamizo, kuna kipimo cha zamani kinachosema kweli. Toa plagi, funga geji ya kompresheni, fungua resi yote, piga kiki mara kadhaa na usome namba. Halafu mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, urudie. Namba ikipanda sana, ringi au silinda vimelika, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Mtu akifanya hivi atajua kama anahitaji kuchonga bloku, au kusaga valvu tu.

Tuseme injini ni nzima na bado mzigo unaishinda. Bado sifiki kwenye bloku. Nafika kwenye sproketi.

Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Weka ya mbele yenye meno 13, na uwiano unakuwa 3.23. Nguvu ya kuvuta inayofika kwenye tairi imeongezeka kwa asilimia karibu 8, kwenye kila gia, bila kugusa injini. Unaweza kupata matokeo karibu yaleyale kwa kuacha ya mbele na kuweka ya nyuma yenye meno 45. Ninapendelea kuongeza nyuma, kwa kuwa cheni inayozunguka sproketi ndogo sana mbele hujikunja kwa ukali na kulika mapema. Unachopoteza ni mwendo wa juu, kwa kiasi hichohicho cha asilimia. Kwa njia ya Mwese au barabara za mashamba ya tumbaku kule Mishamo, mwendo huo hakuna anayeutumia. Anayeshinda kwenye lami ya kwenda Tabora ana hesabu tofauti: kwake meno mengi nyuma yanamaanisha injini inayozunguka kasi saa nzima, joto zaidi na petroli zaidi. Kwa hiyo fundi mwema atamwuliza mteja anapita wapi kabla ya kumwuliza ana shilingi ngapi.

Sasa bloku. Wapo wanaoihitaji kweli, hasa wenye kubeba mizigo mizito kila siku ya mwaka. Jambo ambalo halisemwi wakati wa kuuziana ni mgandamizo. Chukua CG125 yenye uwiano wa 9 kwa 1. Chumba cha kuunguzia juu ya pistoni kina sentimita za ujazo 15 na nusu. Weka bloku ya 150 chini ya hedi ileile yenye chumba kilekile, na uwiano unapanda hadi 10.6 kwa 1. Petroli iliyobanwa namna hiyo huwaka kabla ya wakati, injini inagonga ikiwa imeelemewa mlimani, na pistoni inaanza kutoboka. Hatari huongezeka kwa petroli ya kwenye chupa vijijini. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulisumbua nchi kiasi kwamba EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa kidogo tu ndani ya petroli hupunguza uwezo wake wa kuhimili kubanwa. Kwa hiyo pistoni ya 150 iwe yenye kishimo kichwani, au itumike hedi ya 150 yenyewe pamoja na gasketi yake. Hedi hiyo ina faida nyingine: silinda kubwa inayopumua kupitia valvu ndogo haitoi asilimia 20 zote ilizoahidi.

Kabureta nayo ifuate. Jeti kubwa ya 125 itaipa injini mpya petroli haba, na plagi itakwambia kwa weupe wake. Klachi ifuate pia: plate zilizokwisha nusu zitateleza siku ya kwanza ya mzigo. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi ya pikipiki hizi huogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze. Halafu breki. Ngoma iliyotengenezwa kwa pikipiki ya 125 haikukua wakati bloku ilipokua, na ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 80, nishati ya kuzuiwa imeongezeka karibu mara 1.8. Hapo hatuzungumzii injini tena, tunazungumzia mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni. Kadi ya usajili ya TRA nayo inaonyesha ujazo wa injini. Kaulize ofisini kwao taratibu za mabadiliko kabla hujauza pikipiki au kuikatia bima.

Bloku ikishafungwa, kilomita 500 za kwanza ndizo zinazoamua umri wake. Ringi mpya zinajipatia nafasi kwenye ukuta wa silinda kwa kubebeshwa kidogo na kuachiwa, kwa hiyo badilisha resi mara kwa mara, usiendeshe mwendo mmoja kwa muda mrefu, na magunia yasubiri. Zima ipoe ukifika Sitalike, hasa kama unaendelea kupitia Hifadhi ya Katavi, ambako hakuna anayetaka kusimama kwa injini iliyokwama. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 300 ingawa inaonekana safi, kwa sababu imebeba unga wa chuma. Injini ikiwa baridi, kaza nati za hedi kwa mpangilio wa msalaba, pima tena tapeti, kisha toa plagi uitazame rangi kabla ya kufunga gunia la kwanza.